Hesabu Meno Kabla ya Kuhesabu Fedha: Kuchagua Baiskeli ya Kupandia Chuoni

Muuza baiskeli atakuonyesha rangi, atakupigia kengele, atainyanyua kwa mkono mmoja uone ilivyo nyepesi, kisha atakuapia kwamba imeshuka kutoka Japani juzi tu na haijaguswa na fundi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na bado ukawa unaikokota kila asubuhi. Kama chuo chako kipo juu ya mlima, ununuzi wako uamuliwe na mambo mawili: gia nyepesi kuliko zote iliyomo kwenye baiskeli hiyo, na breki zake. Mengine mengi yanarekebishika kwa fundi.

Mfano nitakaoutumia ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho mwaka 1964 kiliacha majengo yake ya Mtaa wa Lumumba kikapanda Observation Hill, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Tangu hapo anayeishi Sinza, Mwenge, Ubungo au hosteli ya Mabibo huanza siku kwa kupanda na kuimaliza kwa kushuka. Aliyeko Mwanza au Mbeya abadilishe majina ya mitaa tu, hesabu ni ile ile.

Ijue njia yako kwanza

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, ipite njia yako yote, kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima, saa ile ile utakayokuwa unaitumia. Tafuta kipande kikali kuliko vyote. Mwinuko hupimwa kwa asilimia: barabara inayopanda mita 6 katika kila mita 100 ina mwinuko wa asilimia 6. Programu za ramani na za mazoezi kwenye simu huonyesha kimo cha mahali ulipo. Chukua kimo cha chini na cha juu, toa, kisha gawanya kwa urefu wa kipande hicho. Simu hukosea mita kadhaa kwenye kimo, kwa hiyo usipime hatua ishirini ukaamini jibu.

Kama hutaki hesabu, usikilize mwili. Asilimia 3 unaweza kuipanda unapiga soga. Asilimia 6 maneno yanakatika. Asilimia 10 mwenye baiskeli ya gia moja kwa kawaida ameshashuka, anasukuma.

Wastani wa njia nzima hausaidii sana. Kilomita mbili zenye wastani wa asilimia 3 zinasikika vizuri, lakini ndani yake zinaweza kuwemo mita 150 za asilimia 9, na hapo ndipo utakaposhindwa, umechelewa, na mhadhara wa saa moja umeanza. Baiskeli ichaguliwe kwa ajili ya hizo mita 150. Tena usiishie kupima njia moja. Mlimani panaingilika upande wa Savei, wa Ubungo Maji na wa Changanyikeni, na kila upande una mpando wake, magari yake na mashimo yake. Njia ndefu kwa nusu kilomita lakini yenye mpando wa taratibu mara nyingi hukufikisha mapema kuliko ya mkato, na hukufikisha ukiwa na shati kavu kidogo.

Meno

Hapa tukae kidogo, maana wanunuzi wengi wanapita juu juu.

Kila baiskeli ina gia ya mbele, ile inayozungushwa na pedali, na gia ya nyuma iliyokaa kwenye gurudumu. Zote zina meno ya kushikia cheni. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, utapata gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi kila pedali inapozunguka mara moja. Zidisha kwa mzingo wa gurudumu, utapata mita unazosogea kwa mzunguko mmoja wa pedali.

Chukua Phoenix ya kawaida, ile ndefu nyeusi yenye magurudumu ya inchi 28. Tuseme ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Ukigawanya unapata 2.4. Mzingo wa gurudumu lake ni kama mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.3. Kwenye tambarare hiyo ni raha tupu, ukikanyaga taratibu unateleza. Sasa ipeleke mlimani, mahali ambapo nguvu zako zinakuruhusu kilomita 8 kwa saa tu, yaani haraka kidogo kuliko mtu anayetembea kwa pupa. Kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika. Gawanya kwa 5.3: pedali zinazunguka mara 25 kwa dakika. Mguu unasimama juu ya pedali, unasukuma kwa uzito wote wa mwili, goti linalia, na baiskeli inayumba kwa kuwa haina mwendo wa kuishikilia.

Sasa chukua baiskeli ya gia nyingi ya magurudumu ya inchi 26, ile tunayoiita ya mlimani. Gia yake ndogo ya mbele ina meno 24, kubwa ya nyuma ina meno 28. Jibu ni 0.86. Mzingo ni kama mita 2.05, kwa hiyo mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.76. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 8 kwa saa, pedali zinazunguka mara 75 kwa dakika, na kila mkanyago unahitaji theluthi moja tu ya nguvu ya ule wa Phoenix. Mlima haujapungua hata kidogo, kazi yote ni ile ile, ila umeikatakata vipande ambavyo mguu unaviweza. Miguu ya watu wengi hufanya kazi vizuri kati ya mizunguko 60 na 90 kwa dakika.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, chuchumaa. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja la gia ndogo kuliko zote za mbele, hesabu mpaka urudi kwenye alama. Fanya hivyo kwa gia kubwa kuliko zote za nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Jibu likiwa 1 au chini ya hapo, baiskeli hiyo itakupandisha karibu barabara yoyote ya lami mjini. Likiwa kati ya 1 na 1.3, mlima wa kiasi utaupanda, mkali utakutoa jasho. Likizidi 1.5, jua kwamba vipande vikali utavitembea. Muuzaji atakushangaa unavyohesabu, mwache ashangae.

Kibandiko cha gia 21 kwenye fremu hakikuambii kitu. Hizo 21 ni tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi kati yake hukaribiana mpaka huzitofautishi. Baiskeli ya gia 7 yenye nyepesi ya kweli inaishinda ya gia 21 isiyokuwa nayo.

Habari njema ni kwamba meno hubadilishwa. Friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma, zikiwa za gia 6 au 7 na za kufunga kwa kuzungusha kwenye uzi wa kitovu, hutumia uzi wa aina moja karibu dunia nzima, na fundi mwenye kifunguo chake anaitoa kwa dakika chache. Ukiitoa yenye meno 28 ukaweka yenye 34, jibu la 24 kwa 28 linashuka kutoka 0.86 hadi 0.71. Muulize fundi kwanza kama kibadilishia gia chako cha nyuma kinafikia meno 34, maana vifupi havifiki, na cheni nayo itabidi irefushwe.

Zilizopo sokoni

Phoenix, Avon na Hero ni baiskeli za kuheshimiwa. Zinabeba mkaa, ndizi, maji na mgonjwa, na vipuri vyake vipo hadi vijijini. Lakini zimeundwa kwa tambarare. Ukiibadilishia gia ya nyuma kutoka meno 20 hadi 22 utaona nafuu, ila hesabu inakupa mita 4.8 kwa mzunguko, bado utasukuma. Kama sehemu ya mpando wako ni fupi, mita mia mbili tatu, na njia iliyobaki ni bapa, hakuna aibu kuisukuma hapo. Mpando ukiwa mrefu, tafuta nyingine.

Baiskeli za mtumba za Kijapani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, ndizo zinazotamanika zaidi na wanachuo, na si bure. Zina madigadi, taa, kufuli ya gurudumu na boksi linalofunika cheni. Anayevaa sketi, kanzu au baibui hatapata baiskeli inayomfaa zaidi, na mwanamume anayeikataa kwa sababu fremu ni ya kike anajinyima bure. Tatizo ni gia. Nyingi zina gia moja. Nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hizo ndizo za kutafuta. Gia ya kwanza kwenye mfumo huo hupunguza uzito wa kukanyaga kwa takriban robo. Tuseme mbele kuna meno 33 na nyuma 14: jibu ni 2.36, ukiwa gia ya kwanza linakuwa kama 1.7. Bado ni zito. Mwambie fundi akuwekee gia ya nyuma yenye meno 20 na kuongeza vipande vya cheni. Linashuka hadi 1.2, na hapo umepata baiskeli ya chuo iliyokamilika kwa mlima wa kiasi. Utapoteza kasi kwenye tambarare. Hiyo nakushauri uikubali.

Za mlimani za mtumba kutoka Ulaya, zenye fremu ngumu bila springi nyuma, ndizo chaguo langu kwa mpando mkali. Tafuta ya zamani yenye fremu nzuri kuliko mpya yenye rangi nyingi. Zile mpya za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma zikwepe kabisa: ni nzito, na kila ukikanyaga kwa nguvu springi ya nyuma inabonyea na kula sehemu ya nguvu yako. Springi za mbele peke yake zinavumilika, ingawa kwenye baiskeli rahisi mara nyingi ni pambo lenye uzito.

Za mashindano, zenye usukani wa pembe na tairi jembamba, ziachie wanaofanya mazoezi ya Jumapili. Gia zao ni za watu wenye mapaja, na tairi zao hazipendi kokoto.

Kuhusu uzito wa baiskeli, watu wanalipia sana kitu kinachorudisha kidogo. Mwili wako una kilo 65, mkoba kilo 5, baiskeli kilo 20: unapandisha kilo 90. Ukipata baiskeli ya kilo 15 unapandisha 85. Kwenye mpando wa dakika kumi umeokoa kama nusu dakika. Wepesi una faida pale unapolazimika kuibeba hadi ghorofa ya tatu kila jioni; kama ndivyo unavyoishi, haya, lipia.

Ya umeme je? Yamaha walianza kuuza Japani baiskeli ya kusaidiwa na mota mwaka 1993, na ukikutana nayo kwenye mtumba, swali la kwanza ni betri. Betri iliyokufa inakuachia baiskeli nzito kuliko Phoenix na mota isiyo na kazi, tena betri ya mfumo huo mara nyingi haibadilishwi na nyingine yoyote. Bora mota ya kufunga gurudumuni yenye betri ya kawaida ya volti 36. Betri ya ampea-saa 10 ina wati-saa 360, na safari ya kilomita 6 yenye mlima, ukikanyaga kidogo mwenyewe, hula kama 60. Kuijaza ikiwa tupu ni chini ya nusu uniti ya umeme. Bei ya kununua ndiyo inayouma, na kama hosteli yako hairuhusu kuchaji chumbani, uulize mapema.

Kushuka

Watu hununua baiskeli wakiuwazia mpando, na ajali hutokea kwenye mteremko. Kwenye mteremko wa asilimia 6, baiskeli iliyoachwa ijiendee hufika karibu kilomita 40 kwa saa. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Chini pale kuna daladala inayochomoka kituoni, tuta lisilo na rangi, na mwanafunzi mwenzako anayevuka huku anaangalia simu.

Anza na rimu. Rimu za chuma zenye kromu zikilowa, raba za breki huteleza juu yake, na unaweza kuminya kwa mikono yote miwili ukaona barabara inaendelea kuja. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hilo si jambo la kubahatisha. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi zikiwa na maji. Nenda na kipande cha sumaku, hata cha spika mbovu: ikinasa ni chuma, isiponasa, mara nyingi ni alumini. Breki za fimbo za baiskeli za zamani, zinazobana rimu kutoka ndani, sizipendekezi kwa mlima wa kila siku hata zikiwa mpya.

Breki za mikono miwili mirefu inayobana rimu kutoka pembeni ndizo zinazofaa wengi. Vipuri ni rahisi na fundi yeyote anazijua. Breki za diski za waya ni nzuri mvua ikinyesha, ilimradi fundi wako awe amewahi kuzigusa; muulize kabla ya kununua. Breki ya nyuma ya Kijapani, ile ya mkanda au ya ngoma iliyojificha kitovuni, haisumbuliwi sana na maji lakini hupata moto kwenye mteremko mrefu na kulegea. Isitegemewe peke yake.

Kwa baiskeli ya mtumba, chunguza mkono upi unashika gurudumu lipi. Kwetu tumezoea mkono wa kulia kuwa wa breki ya mbele, na Japani ni hivyo hivyo. Baiskeli zilizotoka Uholanzi au Ujerumani mara nyingi zimefungwa kinyume, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Aliyezoea mfumo mmoja akiminya kwa ghafla kwenye mwingine, anaweza kuruka juu ya usukani. Fundi anabadilisha waya kwa muda mfupi. Mwambie siku hiyo hiyo ya ununuzi. Nyingine za Ulaya zina breki ya kurudisha pedali nyuma. Inafanya kazi vizuri mpaka cheni ikatike au ichomoke, na hapo huna breki ya nyuma tena, kwa hiyo lazima pawe na ya mbele iliyo nzima.

Namna ya kujaribu: simama kando, minya breki ya mbele kwa nguvu na sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Minya ya nyuma, sukuma. Tairi liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki usigusane na usukani. Kwenye mteremko, punguza mwendo mapema ukiwa bado umenyooka, minya na kuachia badala ya kung'ang'ania, tumia zote mbili. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa kuwa uzito wako unasogea mbele.

Na usishike nyuma ya gari kupanda. Kule Burundi, kwenye barabara inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, waendesha baiskeli hung'ang'ania malori kwa kilomita nyingi, na picha zao zimezunguka dunia. Picha hizo hazionyeshi dereva anapokanyaga breki.

Tairi la 26 lisiloingia rimu ya 26

Hili limewapotezea watu hela nyingi, kwa hiyo lisome mara mbili. Inchi zilizoandikwa kwenye tairi haziaminiki. Kando ya tairi kuna namba nyingine, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ni 559. Ya Kijapani inayoandikwa 26 x 1 3/8 ni 590. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine kwa namna yoyote. Phoenix ya 28 x 1 1/2 ni 635, ilhali ya Ulaya inayoandikwa 28 au 700C ni 622. Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa mtaani kwako ukamuulize, "Fundi, tairi na tyubu za 590 unazo?" Akikuna kichwa, umeshapata jibu.

Upana wa milimita 40 hadi 50 unatosha kwa lami iliyochanika na njia za vumbi. Tairi lenye vifundo vikubwa linanguruma kwenye lami na kukurudisha nyuma. Ukitumia lami zaidi, chagua lenye mgongo laini. Lijaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake. Tairi legevu mlimani ni kama kukimbia mchangani. Valvu nene kama za pikipiki zina faida kwamba unajaza kwenye kituo chochote cha mafuta. Za Kijapani na za Phoenix zina kimpira kidogo ndani ambacho huoza. Nunua vya akiba, ni vya bei ndogo, na upepo unaotoka kila usiku bila pancha mara nyingi ni hicho kimpira.

Siku ya kununua

Nenda mchana, na rafiki. Mwambie muuzaji kwa upole, "Bosi wangu, naomba nikaijaribu pale kwenye kamlima, mwenzangu huyu nakuachia." Akikataa kabisa usiipande hata hatua kumi, mshukuru uende kwingine. Kwenye hako kamlima, badilisha gia zote ukiwa unakanyaga. Cheni ikiruka unapokanyaga kwa nguvu kwenye gia nyepesi, meno ya friwili yameliwa. Angalia pia kama yamechongoka na kuinamia upande mmoja.

Chukua rula ya shuleni, ile yenye inchi 12 upande mmoja. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni. Cheni isiyochoka ina pini nyingine iliyokaa sawasawa kwenye inchi 12. Pini hiyo ikiwa imevuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ni ya kubadilisha. Ikivuka kwa moja ya nane, cheni imeshakula na meno pia, na bei lazima ishuke.

Zungusha magurudumu yakiwa hewani uone kama yanapepesuka. Binya spoki mbili mbili. Zote zikaze, hasa za gurudumu la nyuma, maana hizo ndizo zinazobeba mwili wako na mkoba. Shika mikono ya pedali uitikise kuelekea kwenye fremu. Ikicheza, gololi au pini zake zimelegea. Kagua maungio ya fremu chini ya usukani na karibu na kiti, kama rangi imepasuka au pana welding ya mtaani. Fremu iliyovunjika ikachomelewa haina nafasi kwenye mteremko, hata kama imeungwa kwa ustadi gani.

Kimo cha kiti ni rahisi: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi hukaa chini mno ili wafike ardhini na miguu yote miwili, kisha wanalalamika magoti. Kama fremu ni kubwa kiasi kwamba ukisimama mwamba unakugusa, iache.

Bajeti usiimalize yote dukani. Kwa mtumba, tenga angalau robo ya fedha zako kwa ajili ya raba za breki, waya, cheni, pengine tairi moja na friwili. Weka na kofia ngumu, taa za mbele na nyuma, na kufuli inayopitishwa kwenye fremu na gurudumu pamoja, ikafungwa kwenye kitu kisichong'oka.

Jasho

Kwa kila sehemu moja ya nguvu inayofika kwenye pedali, mwili hutoa sehemu tatu hadi nne za joto. Kupandisha kilo 85 kwenye mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 8 kwa saa ni kazi ya wati 110 hivi dhidi ya mlima peke yake, kwa hiyo unatengeneza joto la wati zaidi ya 300, asubuhi ya Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Hakuna baiskeli itakayokuepusha na hilo isipokuwa ya umeme. Kinachosaidia ni kupanda polepole. Kwa kilomita 6 kwa saa kazi hiyo inashuka hadi wati 83, na ndiyo maana gia nyepesi ina thamani hata kwa mwenye miguu ya chuma: inakuruhusu kwenda taratibu bila kuanguka. Toka nyumbani mapema kidogo, beba shati la pili na taulo dogo, nawa ukifika, tulia kivulini dakika tano kabla ya kuvaa.

Mkoba utoe mgongoni, ufunge kwenye kerieri, umeokoa nusu ya jasho la shati. Kompyuta mpakato ifunge katikati ya nguo, kwa sababu kerieri haina huruma na matuta.

Baada ya wiki mbili za mwanzo irudishe kwa fundi, hata kama huoni kasoro. Waya mpya zitakuwa zimelegea, spoki zimejipanga upya, na raba za breki zimekaa mahali pake. Mwombe akaze na bolti za mikono ya pedali, hasa wa kushoto, ambao hulegea zaidi. Ukiendelea kupanda mlima nao ukiwa umelegea, tundu lake la pembe nne hutanuka, na likishatanuka halikazwi tena. Unanunua mkono mpya.